Shamba la Barabara na Shamba la Pori

Lusangi, tarehe 9 Septemba 2024

Clovis mudogo wangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Leta imenilipa.

Sisemi uongo. Leta, ile serikali ambayo tangu nizaliwe inakujaka tu kuomba, leo kodi, kesho kuku, kesho kutwa mutu wa kubeba muzigo, juzi ilikuja kutoa. Walipanga meza mu baraza ya shule, wakaita jina langu lote na la baba, nikaweka kidole, wakanitia pesa mukononi. Nikabaki nimesimama. Kijana wa meza akaniambia, "Mama, imekwisha, pisha mwenzako." Nikamuuliza, "Na mimi nitoe nini?" Akasema, "Hakuna. Ulime tu." Ulime tu! Yesu Maria! Nimelima tangu meno ya utoto na hakuna mutu hata mumoja aliyewahi kunilipa kwa kulima chakula changu mwenyewe. Nilitembea mpaka nyumbani nimefumba mukono, hata jirani yangu Mama Viviane aliponisalimia sikuweza kuitika.

Wanaiita ruzuku. Kapita Lwamba, si unamujua mukubwa wetu wa kijiji anavyopenda kuhutubia, alitueleza: proje ya Leta, mradi mupya, inalipa walimaji, kila mutu kwa kadiri ya ukubwa wa shamba lake, apate mbegu nzuri na watu wa kumusaidia kulima. Na wewe ndiye unaendesha gari ya hao watu huko Kasongo! Mbona hukunieleza vizuri? Ao ulinieleza, na mimi nikadhani ni maneno ya redio.

Sasa usicheke. Walipokuja kupima mu mwezi wa saba, na kamba yao na simu yao, nilifanya vile Mama alitufundisha. Niliwapeleka ku shamba la barabara. Lile la muhogo, lenye mawe, ambamo mbuzi za Mama Viviane zinalala muchana. Nikalia kidogo. Nikasema, "Ni hili tu, baba, mvua haitupendi." Wakanihurumia, wakapima upesi, wakaenda zao. Lile lingine hawakuliuliza na mimi sikulisema. Unajua ninasema lipi. Ndiyo maana sipandi kilima cha rezo kukupigia simu. Pale juu kila mutu anapiga kelele na masikio ya wenzake yako wazi. Barua ya mukono ikiwa mu mufuko wa Glody wa pikipiki, iko salama.

Basi wamenilipa kwa shamba la mbuzi. Pesa yenyewe ni kidogo, lakini naitoa, naiangalia, nairudisha. Siamini. Niambie kweli mimi dada yako mukubwa, wewe unayekaa karibu nao: Leta inataka nini?

Yaya yako,
Sidonie


Kasongo, tarehe 20 Septemba 2024

Yaya Sidonie,

Glody alinikuta sokoni, nikaisoma barua yako nimesimama kati ya wauza mafuta ya mawese. Nilicheka peke yangu mpaka mama mumoja akanisogezea kiti akidhani naumwa. Pesa ni yako, kula, nunua mbegu. Leta haitaki kitu. Wanataka mupunga uongezeke Maniema, wamechoka kuona watu wanakula muchele uliovuka bahari wakati udongo wetu uko hapa.

Lakini sasa ni zamu yangu kukuambia ukae chini.

Jumanne nilimupeleka ofisini bosi wetu, injenyeri Rachida, nikaingia nimebeba sanduku lake. Ukutani walikuwa wameangaza picha kubwa kuliko shuka. Nilidhani ni kitambaa cha kijani. Bosi akaniita, "Clovis, wewe si wa Lusangi? Kuja uone kwenu." Yaya, ilikuwa dunia, imeonekana kutoka juu! Kuna vyombo vinazunguka huko mbinguni, mbali kuliko ndege, na vinapiga picha ya kila kitu kilicho chini. Nikaona mustari mwekundu, barabara yetu. Nikaona mabati ya kanisa yanang'aa. Nikaona paa la nyumba yako na muti wa avoka pembeni. Nilishika meza. Niliwaza, kumbe ndivyo Mungu anavyotuona, wadogo namna hii, na bado anatujua kwa majina. Siku ile nzima sikuweza kula.

Kisha nikaona kitu kingine. Nyuma ya kilima, ndani ya pori nene, kulikuwa na kijani cha namna nyingine, kijani cha mupunga, na kijito kinapita pembeni yake. Sikuhitaji mutu wa kunieleza. Ni mahali nilipozaliwa.

Bosi akaweka kidole palepale. "Na hili ni la nani? Hakuna mutu wa Lusangi aliyeliandikisha." Nikasema sijui. Jasho lilinitoka mpaka kwenye vidole.

Yaya, sikia sasa shida iko wapi. Ofisi ya ardhi inasema shamba lisilo na mwenyewe ni la Leta, na Leta inaweza kumupa mutu mwingine. Tayari kuna mufanyabiashara wa Salamabila anayeitwa Ibrahim, anayeuzia wachimbaji wa zahabu chakula, ameliomba. Si mutu mubaya. Ameona ardhi nzuri isiyo na jina, naye anatafuta mupunga. Katikati ya mwezi wa kumi na moja watakuja kulipima na kumupa.

Tafadhali, jiandikishe kabla hawajaja. Sema ni letu. Utalipwa hata ruzuku yake, na hakuna atakayekuondoa pale.

Mudogo wako anayekupenda,
Clovis


Lusangi, tarehe 29 Septemba 2024

Clovis,

Nani amewaonyesha?

Usinipigie hadithi za chombo cha mbinguni. Mimi niko mu lile shamba kila siku, shingo ninayo, na juu sijaona kitu kinapita ila hondohondo wanakwenda kutafuta matunda. Miti imefunga pande zote. Hata mbwa wa wawindaji hawalijui. Waliolijua ni Nyanya, na Mama, na mimi, na wewe. Nyanya na Mama wako ku makaburi. Mimi sikusema. Fikiri mwenyewe nani amebaki.

Ao umesahau kwa nini liko? Wakati wa Wabelgiji, Nyanya alipimiwa shamba la pamba kwa kamba. Pamba! Kitu kisichoingia mu sufuria. Moniteri, musimamizi wa pamba, alikuwa anapita kukagua, na mwenye shamba chafu alilazwa chini mbele ya watoto wake, anachapwa. Watu walishinda mu pamba na usiku wakalala njaa. Ndipo Nyanya akaingia pori na jembe lake, akalima lingine mbali na macho. Akamufundisha Mama: lile la barabara ni la Leta, hili ni la tumbo. Mutu wa kamba akija, mupeleke barabarani, umulilie.

Kisha vita ikaja. Watu wa bunduki walikula shamba la barabara, wakala na mbegu. Sisi tukahamia pori. Wewe ulizaliwa pale juu ya majani ya mupunga, na Mama akapata maziwa, kwa sababu alikuwa anakula. Tukitoka barabarani alitupaka majivu usoni ili tufanane na wenye njaa. Siku ya kufa alinishika mukono, akaniapisha: mutu wa Leta asilione. Sikuwa na kitu kingine cha kumupa, nikamupa hiyo ahadi.

Mwenye kuumwa na nyoka anaogopa hata kamba. Wewe hukuumwa, mudogo wangu, wewe unavaa shati la proje na kulipwa kila mwezi. Haya. Siri ya mutungi anaijua kata, na kata ni wewe.

Huyo Ibrahim akija atanikuta nimeshika panga. Na wewe usiniandikie tena.

Sidonie


Kasongo, tarehe 6 Oktoba 2024

Yaya,

Umeniambia nisikuandikie, nami nakuandikia. Nikinyamaza utasema nimekubali.

Sikusema. Naapa kwa maziwa ya Mama, yale uliyoyataja. Bosi aliniuliza uso kwa uso nikasema sijui, na mimi ni dereva, kumudanganya bosi ni kucheza na mukate wangu. Maneno yako yaliniuma sana. Nilikaa ndani ya gari nikalia, mutu mukubwa na ndevu zake.

Hutaniamini kwa mudomo. Basi nakutumia macho. Ndani ya bahasha hii kuna picha, waliichapa kwa wino uliokuwa unakwisha, wakataka kuitupa, nikaiomba. Ilipigwa mwaka jana mwezi wa kumi na mbili. Mimi sikufika Lusangi mwaka ule mzima, unajua. Ishike vizuri, barabara iwe upande wa mukono wako wa kuume. Angalia pole pole. Kama kuna kitu ndani yake ambacho mimi ningeweza kuwaambia, basi mimi ni mwongo na usinisamehe.

Clovis


Kasongo, tarehe 27 Oktoba 2024

Yaya Sidonie,

Glody anasema barua aliifikisha mukononi mwako, ukaitia chini ya gunia mbele yake bila kuifungua, kisha ukamupa ndizi na kumuuliza habari za mama yake. Ndiyo wewe kabisa.

Siku zinakaribia. Juzi nimemuona Ibrahim hapa ofisini, amekuja kuuliza barabara ya Lusangi iko namna gani kwa lori. Kama hasira yako ni kwangu, nichape nikija. Lakini usimuachie mutu shamba kwa sababu ya kunikasirikia mimi. Fungua bahasha, nakuomba kwa magoti.

Clovis


Lusangi, tarehe 3 Novemba 2024

Clovis, mutoto wa mama yangu,

Nimefungua. Nisamehe. Nisamehe tena. Ninaandika upesi, usicheke mwandiko.

Nilifungua kwa hasira, nilitaka kupata neno la kukugombeza nalo. Ile karatasi ikaanguka. Niliiweka vile ulisema, barabara ku mukono wa kuume, nikaona muti wa avoka, nikaona njia ya ku kijito. Bado nilikuwa ninasema moyoni, hii anaweza kuichora. Kisha nikaona shamba letu, na ku pembe ya chini kuna mahali pekundu pasipo na kitu.

Clovis, mwaka jana niliugua homa wakati wa kupanda. Pembe ile ilinishinda, ikabaki udongo mutupu. Sikumuambia mutu, hata wewe sikukuandikia, sikutaka uache kazi ukimbie huku. Nilitetemeka peke yangu mu kibanda, nikapona peke yangu. Na sasa naona ugonjwa wangu mu picha! Kumbe siku zile mbingu ilikuwa inaniangalia. Nilikaa chini ku mulango na ile karatasi ku mapaja, nikalia, na sijui kama kilikuwa kilio cha woga ao cha furaha. Nilikuwa nadhani hakuna aliyeniona.

Bado sijafika. Ngoja.

Nilipoacha kulia niliangalia tena. Upande wa juu wa shamba letu kuna mustari wa miti, ule ukuta wa pori ambao Mama alituambia tusiuguse kamwe. Na nyuma ya ile miti kuna kijani. Kijani cha mupunga. Nikazungusha karatasi. Upande mwingine, ng'ambo ya kijito, kijani tena! Nikasema, ni wino unaokwisha. Nikasugua kwa kidole. Haikutoka.

Nikaenda kwa Mama Viviane. Unamujua, yule ananiombaka muchele kila mwaka wakati wa njaa kwa sauti ya mugonjwa, na mimi namupimia kikombe nikimuhurumia. Nikamuonyesha paa lake mu picha, akashangilia, akaita watoto. Kisha nikaweka kidole ku ile kijani nyuma ya miti. Nikasema, "Na hili, mama?" Akafukuza watoto. Akaangalia kidole changu, akaniangalia mimi, akasema pole pole, "Sidonie, na hili la pembeni ni la nani?"

Mama wee! Tulianguka chini kwa kicheko. Tangu nyanya zetu, Clovis! Tunalima mugongo kwa mugongo, katikati kuna mustari wa miti tu. Yeye anazunguka kwa njia ya makaburi, mimi kwa njia ya kijito, kila mutu anatoka kabla jirani hajaamka. Moshi wake nilidhani ni wa wawindaji. Wangu yeye alidhani ni wa majini! Na lile shamba lake ni kubwa kuliko langu, yule mwizi wa muchele wangu. Nikamuuliza kwa nini alikuwa anakuja kuomba. Akasema, "Kama singeomba, ungejiuliza nakula nini." Mimi pia niliwahi kumuomba chumvi nikiwa na mufuko mzima ndani.

Tukaenda kwa Mama Sagesse, jirani wa pili. Uso uleule, swali lilelile. Kisha kwa wengine. Kila nyumba iliapa ni yake peke yake Lusangi nzima. Jioni tulikuwa wanawake wengi tumezunguka karatasi moja, kila mumoja anatafuta lake kwa kidole na kufunika mudomo. Kapita Lwamba akaja kuuliza kelele ni ya nini, akaangalia, akakohoa, na yeye analo. Mudogo wangu, hatujawahi kuwa maskini peke yetu wala kuwa na chakula peke yetu. Nyanya zetu wote walifikiri wazo moja na hakuna aliyemuambia mwenzake. Nimeshangaa mpaka usingizi umenikimbia.

Lakini sasa woga umerudi. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema mbele ya Leta "hili ni langu." Wote wameapishwa kama mimi. Wote wananiangalia mimi, kwa sababu picha ni yangu. Na mimi namuangalia Mama. Nitamujibu nini?

Yaya yako,
Sidonie


Kasongo, tarehe 8 Novemba 2024

Yaya wangu,

Nilisoma barua yako mara nyingi, kisha nikafanya kitu bila ruhusa yako. Nilimuambia bosi Rachida yote, tangu pamba mpaka majivu usoni.

Aliacha kalamu. Nikadhani kazi yangu imekwisha. Kisha akacheka mpaka akavua miwani. "Clovis," akasema, "kila mwaka tunaandika kwamba Lusangi ni mahali pa njaa. Tunawaletea unga wa musaada." Nikamuambia mulikuwa munapanga foleni kuuchukua. Akacheka tena. Halafu akawa kama mutu aliyepigwa na wazo, akasema, "Mama yangu yuko Nyangwe. Shamba lake ni kama uwanja wa kuku, na hajawahi kukosa bakuli la wageni. Sikujiuliza hata siku moja." Jioni nilimuona amesimama peke yake mbele ya ile picha ukutani, anahamisha uso pole pole kutoka pori moja mpaka lingine. Akaniambia haya mashamba yako kila upande mpaka karibu na Kabambare. Watu wote walikuwa wanatafuta zahabu chini, hakuna aliyejua kwamba kuna mupunga wote huu katikati ya miti.

Basi atakuja mwenyewe tarehe 15. Ana chombo kidogo kinachoruka, kinalia kama nyuki, kitapita juu ya pori saa sita za muchana. Kila mutu, wa Lusangi na wa vijiji vya jirani waliokwisha kutumiwa habari, asimame katikati ya shamba lake ili kimupige picha pale alipo. Mutu wa ofisi ya ardhi, Kapita na Ibrahim watakuwa juu ya kilima wanaangalia. Shamba lenye mutu ni la huyo mutu, na ruzuku ni yake. Shamba lisilo na mutu, Ibrahim atapewa.

Nilimuuliza kama anaweza kuahidi kwamba Leta haitageuka kuwachukulia kesho. Akasema, "Siwezi. Nikiahidi nitakuwa nadanganya." Nakuandikia vile alivyosema, usije ukaniambia nilikuficha.

Na kuhusu Mama, fikiri hivi. Mama alikuapisha Leta isilione. Limeonekana, yaya, na si wewe uliyelionyesha. Kujificha kumekwisha. Kumebaki kusimama ao kukimbia, na ukikimbia, shamba ambalo Mama alilinda maisha yake yote litabaki mutupu mbele ya macho ya watu.

Siku hiyo sitakuwepo, wananituma Kindu kuleta mafuta ya magari. Roho inaniuma. Niandikie kila kitu.

Mudogo wako,
Clovis


Lusangi, tarehe 17 Novemba 2024

Clovis wangu,

Shamba ni letu. Limeandikwa. Nimekuambia hiyo kwanza ili upumue, sasa sikiliza vile ilikuwa.

Nilitoka mapema kwa njia ya kijito kama siku zote. Mupunga uko ku magoti, muzuri, unaonekana umeoga. Nikasimama katikati, na panga sikubeba. Unajua vile kule ndani hatusemi kwa sauti. Mama alitufundisha kuitana kwa macho, na mimi watoto wangu niliwafundisha vilevile, hata wakichomwa na miiba wanalia bila sauti. Kwa hiyo nilisimama kimya, na pande zote ilikuwa kimya. Jua likapanda. Nikasikiliza ku ukuta wa miti upande wa Mama Viviane. Hakuna kitu. Upande wa kijito, hakuna.

Ndipo woga ukanikamata kabisa. Niliwaza, wameniacha. Wamebaki nyumbani, kila mutu anangoja kuona Leta itanifanya nini. Mimi peke yangu nimemuuza Mama. Nikasikia ile sauti ya nyuki inakuja kutoka ku kilima, na kweli kikatokea, kidogo, cheusi, kikasimama hewani juu ya kichwa changu na kuniangalia. Clovis, miguu ilitaka kukimbilia chini ya miti. Ilitaka yenyewe! Nilishika majani ya mupunga kwa mikono miwili ili nisiende.

Na pale nikasikia mutu anakohoa. Nyuma ya miti, karibu sana. Kile kikohozi ninakijua, ni cha tumbako ya Mama Viviane.

Sijui nani alinifungua mudomo. Nikaita, kwa nguvu, mu lile shamba ambamo hakuna mutu aliyewahi kuita: "Mama Viviane, uko?"

"Niko!"

Ee Mungu wangu. Hondohondo waliruka wote. Na yeye akageuka upande wake mwingine, nikamusikia anaita, "Mama Sagesse, uko?" Na mbele kidogo, "Niko!" Na Mama Sagesse akaita mwingine, na yule akaitika, na akaita mwingine. Ikaenda, Clovis. Nilisikia majina ninayoyajua, kisha majina nisiyoyajua, kisha sauti za watu wa vijiji vingine, za wanaume pia, za wazee, kila mumoja yuko, yuko, yuko. Pori lote lilikuwa linaitika. Ikaenda mbali mpaka sikusikia tena maneno, ni sauti tu, na bado ilikuwa inaendelea. Nilikuwa nimejaa vipele vya baridi mu jua la saa sita. Watu wote hawa! Miaka yote hii tulikuwa pamoja na kila mutu alikuwa anaogopa peke yake.

Kapita ameniambia ya kilimani. Anasema mutu wa ofisi ya ardhi aliacha kuandika. Injenyeri Rachida alifunika mudomo kwa mikono, machozi yanamutoka bila kuyapangusa. Na Ibrahim alivua kofia, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wallahi, hii pori imejaa kuliko Salamabila. Mimi nilikuja kutafuta ardhi, kumbe nitafute magunia." Amekwisha kuuliza bei ya mupunga wa mwezi wa pili. Mama Viviane amemutajia bei ambayo hata mimi niliona haya.

Leta itafanya nini mwaka ujao, sijui. Bosi wako alisema kweli na nimemupenda kwa hiyo. Wakigeuka, watatukuta wengi.

Lakini sijamaliza. Nilikuwa bado nimesimama, kile chombo bado kiko juu yangu, nikasikia sauti inatoka nyuma. Ng'ambo ya kijito, ku ile kijani ya picha ambayo Lusangi hakuna mutu aliyesema ni yake. Ile kuita ilikuwa imezunguka pori lote na sasa inarudi upande wa pili. Ilikuwa sauti ya mwanamuke muzee sana, siijui mpaka leo. Akauliza, "Na hapo katikati, kuna nani?"

Sikujibu jina langu kwanza. Nilisema jina la Nyanya. Nikasema jina la Mama. Nikasema lako. Kisha nikasema langu, kwa sauti yangu yote, na yule muzee akaitika, "Haya. Tunakusikia."

Yaya yako,
Sidonie